Bibi Asmaa binti Abubakar: Mama Asiyeweka cha Kesho

Watu wengi katika miji yetu wamjua Bibi Asmaa (R.A.) kwa lakabu yake ya Dhatun-Nitaqain, yaani mwenye mishipi miwili, na khabari yake huishia hapo. Walakini umri wake ulikaribia miaka 100, na mshipi huo aliupasua angali kijana. Yafaa tuyajue yaliyofuata, kwani ndani yake mna somo kwa kila nyumba yenye watoto wengi na riziki ndogo.

Alikuwa binti wa Sayyidna Abubakar, na mama yake ni Qutaila binti Abdul-Uzza. Alisilimu Makka mapema, wakati Waislamu wangali wachache wa kuhesabika. Ulipofika wakati wa Hijra katika mwaka wa 622, yeye ndiye aliyewatengenezea Mtume (S.A.W.) na baba yake chakula cha safari. Alipokosa kamba ya kufungia, akaupasua mshipi wake wa kiunoni vipande viwili.

Sayyidna Abubakar alichukua mali yake yote, dirhamu elfu tano au sita. Babu yao, Abu Quhafa, ambaye alikuwa kipofu, akaingiwa na khofu kwamba watoto wameachwa bila ya kitu. Asmaa akatia mawe katika kidaka walimokuwa wakiweka fedha, akayafunika nguo, akaushika mkono wa mzee akauweka juu yake. Mzee akatua moyo. Nyumba haikuwa na hata dirhamu moja, lakini huruma ilikuwamo.

Mumewe alikuwa Zubeir bin Al-Awwam, shujaa mkubwa, lakini mwanzo wa ndoa yao hakuwa na mali wala mtumwa, illa farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Asmaa alihama Makka ali mja mzito, akamzaa Abdallah alipofika Quba, naye ndiye mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa huko Madina. Kazi za nyumba zilikuwa zake zote: kumlisha farasi, kuteka maji, kushona ndoo ya ngozi, kukanda unga. Kuoka mkate hakukujua vyema, akisaidiwa na wanawake wa Kiansari, majirani zake. Tena alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe, mwendo wa maili mbili hivi. Siku moja Mtume (S.A.W.) alimkuta njiani na mzigo wake, akampigisha ngamia magoti ili ampakie, naye akaona haya kwa kuwapo wanaume, na akaukumbuka wivu wa mumewe, akaenda kwa miguu. Zubeir alipopata khabari, iliyomuuma zaidi ni ile kokwa kichwani pa mkewe. Baadaye Abubakar akampelekea mtumishi wa kumtunza farasi, na Bibi Asmaa akajiona kana kwamba ameachwa huru.

Akazaa watoto wanane: Abdallah, Urwa, Mundhir, Asim na Muhajir, na mabinti Khadija, Ummul-Hasan na Aisha. Hatimaye yeye na Zubeir waliachana. Hayo hayakumpunguzia heshima, wala hayakumzuia kulea.

Amma ukarimu wake, mwanawe Abdallah ndiye shahidi. Alieleza kuwa hakuona wanawake wakarimu kuliko mama yake na mama yake mdogo, Bibi Aisha, ila ukarimu wao ulikuwa mbalimbali. Aisha alikusanya kidogo kidogo, vikitimia akavigawa. Asmaa hakuweka kitu cha kesho. Mtume (S.A.W.) alikuwa amemuusia asihesabu wala asizuie, asije naye akazuiliwa. Wasia huo akaurithisha binti zake na watu wa nyumbani mwake, akiwahimiza watoe wala wasingojee kupata ziada, kwani aingojaye ziada haioni. Alikuwa akiugua, akawaacha huru watumwa wake. Alipomrithi Aisha ardhi iliyoko Ghaba, Muawiya akampa 100,000 kwa ajili yake; yote akawapa jamaa zake wawili.

Wala hakutoa bila ya elimu. Mama yake alipomjia Madina na zawadi, angali mshirikina, Asmaa hakumpokea hata kwanza akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamruhusu amfanyie wema. Hadithi alizozipokea zimo katika Bukhari na Muslim, na mwanawe Urwa akawa mmoja wa wanavyuoni saba wakubwa wa Madina.

Mtihani wake wa mwisho ulikuja katika mwaka wa 73 wa Hijra (692). Abdallah, aliyekuwa amebaiwa kuwa Khalifa, alizungukwa Makka na jeshi la Hajjaj, na watu wakamkimbia. Akaenda kwa mama yake, mzee aliyekwisha kuwa kipofu, kumtaka shauri. Bibi Asmaa akamwambia kwamba ikiwa ajijua yu katika haki, na ashike njia yake. Na ikiwa alitaka dunia, basi amejiangamiza nafsi yake na waliouawa pamoja naye. Kisha akamuombea dua. Abdallah akatoka, akapigana hata akauawa, na mwili wake ukatundikwa. Hajjaj akampelekea mama mtu wa kumwita, akakataa kwenda. Alipokuja mwenyewe kujisifu, kikongwe yule akamjibu usoni kwamba yeye ameiharibu dunia ya mwanawe, lakini mwanawe amemharibia yeye akhera yake. Hazikupita siku nyingi naye akafariki, akili yake ingali timamu.

Ndugu Muislamu, wengi wetu twasema tutatoa tukipata. Bibi Asmaa alitoa mshipi alipokosa kamba, akatoa nguvu zake alipokuwa hana mtumishi, akatoa mali ilipokuja, na mwisho hakumzuia mwanawe na haki kwa kumpenda. Watoto wake hawakufunzwa ukarimu kwa maneno matupu. Waliuona kila siku mkononi mwa mama yao. Basi na tujiulize, wana wetu waona nini mikononi mwetu? Mwenyezi Mungu amridhie, na atujaalie tuandame nyayo zake. Amin.