Michael Grzimek, rubani wa mbuga za Serengeti

Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, nchini Tanzania, lipo kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1934.

Desemba 1957 yeye na babake, Profesa Bernhard Grzimek, walisafiri kutoka Ujerumani hadi Tanganyika kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya pundamilia. Serikali ya kikoloni ilikusudia kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, ilhali njia za wanyama hazikujulikana vyema.

Ndege hiyo iliundwa kwa ajili ya mahali pasipo na kiwanja. Magurudumu yake hayakukunjwa, bali yalishikiliwa na miguu imara, nayo iliweza kutua na kuruka katika masafa mafupi. Hata hivyo, nyasi za mbugani huficha mawe na mashimo ya ngiri. Tairi likitumbukia, ndege huweza kupinduka. Kwa rubani wa nyika, kila kutua ni jaribio.

Mwaka 1958 walihesabu wanyama wakubwa 366,980, wakabaini kuwa makundi yalihama kuvuka mipaka iliyopendekezwa.

Ardhi hiyo yenye hatari siyo iliyomuua. Tarehe 10 Januari 1959, ndege iligongana na tumbusi angani, ikaanguka. Michael alifariki akiwa na miaka 24, na mwaka huohuo mipaka ikabadilishwa. Filamu yao kuhusu Serengeti ilitunukiwa Oscar mwaka 1960. Bernhard alifariki mwaka 1987; majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe.