Mchungaji Gudina Tumsa (1929–1979)

Mchungaji Gudina Tumsa alizaliwa Wollega, magharibi mwa Ethiopia, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958. Mwaka 1966, baada ya masomo ya theolojia Marekani, akawa Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, lililo la Kilutheri.

Mapinduzi ya 1974 yaliiweka madarakani Derg, serikali ya kijeshi iliyofuata Ukomunisti. Makanisa mengi yalifungwa, na wakristo wakatiwa gerezani. Gudina alikamatwa Oktoba 1978, na tena Juni 1979. Alipofunguliwa, alipewa nafasi ya kukimbilia nje. Rais Nyerere wa Tanzania alikuwa tayari kumpokea. Akakataa, kwa kuwa mchungaji haliachi kundi wakati wa mbwa mwitu.

Tarehe 28 Julai 1979, alipotoka ibadani Addis Ababa, alitekwa pamoja na mkewe, Tsehay Tolessa. Aliuawa usiku uleule. Baadaye Tsehay naye alifungwa karibu miaka 10 bila kuhukumiwa.

Derg ilianguka mwaka 1991. Mwaka 1992 mabaki ya Gudina yalipatikana, yakazikwa kwa heshima. Kanisa alilokataa kuliacha leo ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani.