BI SARAH SOPHIA BANKS NA SARAFU ZA MADUKANI

Je, umewahi kwenda dukani ukapewa peremende badala ya chenji? Mimi hupewa mara nyingi, nami humumunya nikasahau. Leo nataka kukusimulia maisha ya mama mmoja aliyehifadhi kile ambacho wengine walikisahau.

Sarah Sophia Banks alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1744 katika familia tajiri. Kaka yake, Joseph, alizunguka dunia na nahodha James Cook, kisha akawa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi. Bi Sarah naye alipenda elimu, lakini wapi! Chama hicho hakikuchagua wanawake kuwa wanachama hadi mwaka wa 1945. Hakuolewa. Aliishi Soho Square pamoja na kaka yake na wifi yake, Dorothea.

Siku hizo Waingereza walikuwa na shida kubwa ya chenji. Tangu 1775 serikali ilikuwa karibu imeacha kutengeneza sarafu za shaba, na nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa za bandia. Sasa vibarua wangelipwa nini? Mwaka wa 1787 kampuni ya machimbo ya shaba ya Parys, kule Anglesey, Wales, ilitengeneza peni zake yenyewe. John Wilkinson, tajiri wa viwanda vya chuma, akatoa zake zikiwa na sura yake mwenyewe badala ya ya mfalme! Wenye maduka nao hawakubaki nyuma. Miji mingi ikawa na sarafu zake, zenye picha za madaraja, makanisa, meli na hata wanyama.

Watu wengi walizitumia tu. Bi Sarah alizinunua, akawaomba marafiki wamletee, na akaandika orodha ya waliompa. Vilevile aliweka tiketi, matangazo na kadi za wafanyabiashara, vitu ambavyo wengine walitupa takatakani. Barabarani watu walimshangaa kwa mavazi yake ya kizamani yenye mifuko mikubwa iliyojaa vitabu. Yeye hakujali hata kidogo.

Mwaka wa 1797 serikali ilianza kutoa peni mpya za shaba zilizotengenezwa na Matthew Boulton wa Birmingham. Mwaka wa 1817 sheria ikapiga marufuku sarafu za watu binafsi. Bi Sarah alifariki mwaka uliofuata, 1818. Kumbe alikuwa amekusanya sarafu na medali zaidi ya 9,000, zikiwemo pesa za Afrika! Ziligawanywa baina ya Jumba la Makumbusho la Uingereza na kiwanda cha sarafu cha mfalme. Wataalamu wangali wanazichunguza hadi leo.

Wenzangu, kisa hiki kilinichoma moyo. Nyanya yangu alikuwa na senti za kikoloni zenye tundu katikati. Nilipokuwa mdogo nilizifanya magurudumu ya gari la waya, moja baada ya nyingine zikapotea. Sasa natamani kujua zilikuwa za mwaka gani, lakini sina hata moja ya kuangalia. Wewe uliye na nyanya nyumbani, muulize leo ana nini sandukuni, uandike atakayokwambia. Wahenga hawakukosea: akiba haiozi.