Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyeufungua mlango wa taarab

SAA za jioni katika mji mdogo wa Maramba, wilayani Mkinga mkoani Tanga, kama ilivyo katika miji mingi ya pwani ya kaskazini, huwa ni saa za baraza. Kazi za shamba zimekwisha, kahawa imechemka, na ubao wa bao umekwisha kuwekwa katikati ya wachezaji wawili. Pengine huwa karata, pengine dhumna, na kwa vijana wa siku hizi huwa ni gemu zinazochezwa katika televisheni kwa kulipia.

Kila mmoja wa michezo hiyo una kanuni zake. Lakini ipo kanuni moja isiyoandikwa popote, nayo ni ile inayoamua nani anastahili kuketi na kucheza. Mara nyingi mwanamke hupita, akasalimu na kwenda zake, na mgeni asiyejulikana ukoo wake husimama pembeni na kutazama.

Kanuni hiyo imezusha mabishano hata katika nchi zilizoendelea. Mwaka 2014, mjadala wa nani ni mwenye haki katika michezo ya kompyuta uligeuka ugomvi mkubwa nchini Marekani, na baadhi ya wanawake waliotengeneza au kuandika juu ya michezo hiyo walitishiwa maisha. Waliowapinga walidai kuwa wageni wanakuja kuuharibu mchezo wa wenyewe.

Katika ukanda huu wa pwani mabishano ya namna hiyo yalikwisha kutokea karibu miaka 100 iliyopita, nayo hayakuhusu bao wala karata. Yalihusu taarab, burudani iliyopendwa kuliko zote na iliyolindwa kuliko zote. Aliyeyasababisha alikuwa mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye damu ya mama yake ilitoka Tanga. Jina lake ni Siti binti Saad.

Siti alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Wanyamwezi, na mama yake alikuwa wa asili ya Wazigua, watu ambao kwao ni bara ya Tanga. Wazazi hao hawakuwa na mali wala jina la kutajwa mbele ya wakubwa wa mji.

Jina alilopewa alipozaliwa lilieleza hali yake kuliko maelezo yoyote. Aliitwa Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado ni jambo la halali kisiwani humo, na ulipigwa marufuku kwa amri ya mwaka 1897, wakati yeye alipokuwa msichana aliyekwisha pevuka. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye mjini, baada ya sauti yake kuanza kusikika.

Hakupelekwa shule. Kazi aliyorithi ni ufinyanzi, kazi ya wanawake wa Fumba, na vyungu alivyovifinyanga alivichukua kichwani kutoka kijiji hadi kijiji kwenda kuviuza. Katika kunadi bidhaa zake alikuwa akiimba, na inasimuliwa kuwa watu waliitambua sauti yake kutoka mbali kabla hawajamwona mwenyewe.

Mwaka 1911 aliiacha Fumba na kuhamia mjini. Mji alioukuta ulikuwa umegawanyika mara mbili. Upande mmoja wa hori ulikuwa Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, kasri ya Sultani na ofisi za Waingereza. Upande wa pili ulikuwa Ng'ambo, yenye nyumba za udongo na makuti, makao ya waliokuwa watumwa na watoto wao, wachukuzi, wavuvi, na wanawake waliokuja mjini kutafuta riziki. Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo.

Taarab ilikuwa mali ya upande ule mwingine. Historia inamtaja Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyeikaribisha Unguja kutoka Misri, na kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ala. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikuwa wanaume waliokutana kwa ajili ya kujifunza na kupiga muziki huo.

Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Wengi miongoni mwa wasikilizaji hawakuielewa lugha hiyo sawasawa, lakini ndiyo iliyohesabiwa kuwa lugha ya ustaarabu. Mtu wa Ng'ambo aliweza kuisikia taarab kwa mbali, ukutani au dirishani. Kuimba mbele ya wakubwa, tena awe mwanamke, tena awe mtoto wa watu waliotoka bara, hilo halikuwa jambo la kufikiriwa.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, Muhsin Ali, aliisikia sauti ya mwanamke huyo na kutambua thamani yake. Alimfundisha namna ya kuimba kwa kufuata ala na kanuni za muziki huo, kisha akamtambulisha kwa wanamuziki wenzake. Siti, ambaye hakuweza kuandika hata beti moja, alizihifadhi nyimbo zote kichwani, za Kiswahili na za Kiarabu, na baadaye hata za Kihindi.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini na wote wanaobishana juu ya milango ya vyama na mabaraza. Siti alikuwa na kipaji tangu alipokuwa akiuza vyungu, na kipaji hicho peke yake kisingalimfikisha popote kama asingalikuwapo mtu wa ndani aliyekubali kumfundisha. Lakini pia Muhsin Ali asingalikuwa na la kufundisha kama mwanafunzi wake angalikuwa mvivu wa kujifunza kanuni za kazi ile. Siti alijifunza taarab kama ilivyokuwa kwanza, ndipo akaibadilisha.

Badiliko kubwa alilolileta ni la lugha. Pamoja na kundi lake, ambalo ndani yake walikuwamo Subeti bin Ambar, Mbaruku, Buda na Maalim Shaaban, aliifanya taarab iimbwe kwa Kiswahili. Nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika usiku kusikiliza mazoezi, na habari za mtaani zikageuzwa kuwa nyimbo. Mambo yaliyozungumzwa kisimani na sokoni yakaanza kusikika katika ala zilizokuwa za kasri.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wimbo wa Kijiti. Unahusu kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, aliyeuawa kikatili na mtu aliyeitwa kwa jina hilo. Muuaji alivuka bahari na kukimbilia bara, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi wakajikuta wao wenyewe wakigeuziwa kesi na kuadhibiwa. Siti na wenzake walikiimba kisa hicho waziwazi, wakionyesha namna sheria ilivyomwacha mwenye hatia na kuwashika wanyonge.

Wimbo wa namna hiyo usingaliweza kutungwa na watu waliokuwa wakiimiliki taarab kabla yake. Haukuwahusu. Wanawake wa Ng'ambo walipoingia katika taarab, hata kama ni mmoja tu aliyetangulia, waliingia pamoja na mambo yao, na taarab ikapata la kusema ambalo haikuwa nalo.

Si wote waliofurahi. Zilitungwa beti za kumkejeli, zikimkumbusha kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, vazi lililojulikana kuwa la watumwa na mafukara, na kwamba pasipo sauti asingalikuwa mtu wa kuhesabiwa. Alisimangwa kwa sura yake na kwa nasaba yake. Kipimo walichokitumia wapinzani wake hakikuwa cha muziki, kwa kuwa katika muziki hawakuwa na la kumkosoa.

Siti alijibu kwa wimbo. Katika jibu hilo alieleza kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu, na kwamba hasara ya kweli ya mwanadamu ni kukosa akili. Hakuwatukana waliomtukana wala hakukana asili yake. Wimbo huo uliendelea kuimbwa miaka mingi, hata baada ya majina ya wale waliomkejeli kusahauliwa.

Kisha mambo yakatoka nje ya mikono ya wabishi. Mwaka 1928, kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimchukua Siti na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zao. Kabla ya hapo, santuri zilizouzwa katika pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa zaidi za Kiarabu na za Kihindi. Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo zake katika santuri.

Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache. Gramafoni ziliwekwa katika mikahawa, na watu wasio na uwezo wa kununua hata santuri moja walikaa na kikombe cha kahawa wakasikiliza. Lugha iliyodharauliwa katika taarab ikawa ndiyo inayouza. Sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikavuka kisiwa, ikafika Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na bandari nyingine nyingi.

Aliitwa kuimba katika kasri, mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia mwaka huo huo wa 1911 ambao Siti aliingia mjini. Aliitwa pia katika harusi za matajiri na za mafukara. Lakini makao yake yalibaki ng'ambo ya hori, kwa watu wake.

Hata hivyo, haingekuwa kweli kudai kwamba kila mlango ulifunguka siku ile. Kwa miaka mingi Siti alikuwa mwanamke peke yake katikati ya wanaume. Vyama vingi vya taarab viliendelea kuwa vya wanaume, na wanawake wengine walilazimika kuunda vyama vyao wenyewe. Kejeli za ukoo nazo hazikwisha kwa wimbo mmoja. Kilichobadilika ni kwamba, tangu alipoimba yeye, hapakuwa na mtu aliyeweza kudai kwamba jambo hilo haliwezekani.

Siku za mwisho za maisha yake zilimkutanisha na mtu wa Tanga. Shaaban Robert, mshairi na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, alikwenda kumwona na kuzungumza naye, naye akamsimulia maisha yake. Mwanamke aliyekuwa hawezi kuandika akapata mwandishi bora kuliko wote wa lugha yake. Kutokana na mazungumzo hayo kilitoka kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho vizazi vya wanafunzi wamekisoma.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950.

Aliowafungulia njia walionekana upesi. Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, ambaye alifariki mwaka 2013, alizijua nyimbo zake tangu ujana wake na kuziimba hadi uzee wake katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Mjini Tanga kwenyewe, vikundi vya Black Star na Lucky Star viliipa taarab ladha mpya katika miaka ya 1960 na 1970, na sauti iliyovipatia sifa ilikuwa ya mwanamke, Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016. Wanahabari wanawake wa Tanzania nao, walipoanzisha jarida la chama chao, TAMWA, mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti.

Leo taarab bila ya wanawake haiwezi hata kufikirika, na wengi wa vijana huidhani kuwa tangu asili ni burudani ya wanawake. Hofu ya wale waliodhani kuwa mtu wa kaniki angeiharibu imekwisha kujibiwa. Haikuharibika, bali ilipata wasikilizaji wengi kuliko iliokuwa nao, na ndiyo iliyoiwezesha kuishi baada ya usultani wenyewe kuondoka mwaka 1964.

Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64, na hesabu hiyo haibadiliki kwa kuwa anayecheza ni mwanamke, au ni mtoto wa kibarua wa mkonge aliyekuja kutoka mbali. Gemu za televisheni nazo ni hivyo hivyo. Yule msichana anayesimama mlangoni mwa kibanda cha gemu, Maramba au penginepo, akitazama kaka zake wakicheza, hana haja ya kuhurumiwa. Anachohitaji ni Muhsin Ali wake, mtu mmoja aliyekwisha kuketi ndani, atakayesogea kidogo na kumpisha akae.