Maria Montessori: Sikio, Kidole na Herufi

Walimu wanafunzi wengi hulijua jina la Maria Montessori kutokana na shule za chekechea. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kazi yake ya ualimu ilianzia kwa watoto wenye ulemavu wa akili, ambao katika zama zake walihesabiwa kuwa hawafundishiki. Katika makala haya tutaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha tutatazama yale yawezayo kumfaa mwalimu wa Shinyanga au Geita anayetaka kutumia muziki kumfundisha mtoto wa namna hiyo kusoma.

Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, Italia. Mwaka 1896 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, wakati ambapo wanawake madaktari nchini mwake walikuwa wa kuhesabika. Alipokuwa akifanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo hicho, alitembelea hospitali za wendawazimu. Humo aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima, hawana cha kushika wala cha kufanya. Aliondoka akiamini kwamba watoto hao walihitaji mwalimu kuliko walivyohitaji dawa.

Alisoma kwa bidii vitabu vya madaktari wawili Wafaransa waliomtangulia, Jean Itard na Édouard Séguin, hata akavinakili kwa mkono wake. Kwa Séguin alipata somo la hatua 3: kwanza mwalimu hutaja jina la kitu, pili humwambia mtoto akionyeshe, tatu humtaka mtoto alitaje jina lake mwenyewe. Mwaka 1900 alishika uongozi, pamoja na daktari mwenzake Giuseppe Montesano, wa shule mpya mjini Roma iliyoandaa walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Kwa muda wa miaka 2 hivi aliwafundisha watoto hao yeye mwenyewe, tangu asubuhi hadi jioni. Alitengenezesha herufi za mbao, irabu kwa rangi moja na konsonanti kwa nyingine. Mtoto aliipapasa herufi kwa kidole, kwa kufuata mwendo wa kuiandika, huku akiisikia na kuitamka sauti yake.

Baadhi ya watoto hao walijifunza kusoma na kuandika, wakafanya mtihani wa shule za umma pamoja na watoto wengine, wakafaulu. Watu walistaajabu. Yeye alijiuliza ni kitu gani basi kilichowazuia watoto wasio na ulemavu kufika mbali zaidi katika shule zao. Ndipo tarehe 6 Januari 1907 alipofungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, akaanza kutumia kwa watoto wote njia alizozipata kwa wale waliodharauliwa. Baadaye shule zake zilifungwa nchini Italia chini ya utawala wa Mussolini. Miaka ya vita kuu ya pili aliipitisha India akifundisha walimu. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 katika mji wa Noordwijk aan Zee, Uholanzi.

Muziki uliingia katika kazi yake kama zoezi la sikio na la mwili. Watoto walitembea juu ya mstari uliochorwa sakafuni wakifuata mwendo wa muziki; walikaa kimya ili wasikie sauti ndogo; walitafuta kengele mbili zenye sauti sawa. Mwenzake Anna Maria Maccheroni aliiendeleza sana sehemu hii. Hata hivyo, tusimzulie. Montessori hakuufanya wimbo kuwa njia ya kufundishia kusoma. Muziki ulinoa sikio. Kusoma kulipatikana pale sauti ilipokutana na herufi chini ya kidole cha mtoto.

Hatuna budi kuishika tofauti hii. Mara nyingi, katika mazoezi ya kufundisha, tumesikia darasa likiimba silabi kwa furaha, na mtoto mwenye ulemavu wa akili akiimba pamoja na wenzake bila kukosea. Mwalimu huandika katika andalio lake kwamba lengo limefikiwa. Lakini mtoto huyo akionyeshwa kadi moja akiwa peke yake, hunyamaza, au huuanza wimbo tangu mwanzo mpaka aifikie silabi ile. Ameukariri wimbo, hajasoma. Asipogunduliwa mapema atapanda madarasa akiimba, na mwishowe itasemwa kwamba akili yake ndiyo yenye kosa.

Hatusemi kwamba wimbo uachwe. Katika nchi ya Wasukuma, penye ngoma ya majembe ya bugobogobo na mashindano ya Bagalu na Bagika, mtoto huja shuleni akiwa na mapigo miguuni mwake. Pia lugha ya Kisukuma ina irabu 7 na Kiswahili kina 5, kwa hiyo sikio lake linahitaji mazoezi. Na kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hufuata sauti, kama yale ya Kiitaliano kwa sehemu kubwa, njia hii inatufaa.

Basi mwalimu achague sauti moja tu. Atunge wimbo mfupi wa maneno yanayoanza na sauti hiyo, watoto wapige kofi moja kwa kila silabi. Debe litakuwa ngoma, vizibo vya soda vitakuwa njuga. Ngoma ikinyamaza, mtoto apapase herufi iliyotengenezwa kwa gundi na mchanga juu ya ubao, aitamke sauti yake, kisha zifuatwe zile hatua 3. Mwisho, na hili lisisahaulike, aulizwe herufi hiyo peke yake, pasipo wimbo, na siku ya pili aulizwe tena.

Mwalimu atakayepangiwa Kishapu au Nyang'hwale huenda asikute kengele wala herufi za kiwandani. Mchanga ataukuta, na nyimbo atazikuta.