Mtakatifu Benedikto: Maji, Kinu na Bustani

Mtakatifu Benedikto Abate alizaliwa Nursia, Italia, yapata mwaka 480. Alipelekwa Roma kusoma, lakini alichukizwa na maisha ya anasa ya vijana wenzake, akaacha masomo na kwenda kuishi pangoni Subiaco. Baadaye wafuasi walimjia, naye akaanzisha monasteri 12, kila moja ikiwa na wamonaki 12.

Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba monasteri tatu kati ya hizo zilikuwa juu ya miamba, hazina maji. Kila siku ndugu waliteremka genge la hatari hadi ziwani, mwisho wakaomba wahamishwe. Usiku Benedikto alipanda mlimani pamoja na mtoto Plasido, akasali, akaweka mawe matatu kuwa alama. Kesho yake akawaambia wachimbe hapo. Maji yakatoka, hakuna aliyehama.

Yapata mwaka 529 alikwenda Monte Cassino, alikoandika Kanuni yake. Humo aliagiza kwamba, inapowezekana, maji, kinu, bustani na karakana viwe ndani ya monasteri, ili wamonaki wasitangetange nje. Alipima hata mkate wa kila siku. Mtunza ghala alitakiwa kuvitazama vyombo vyote kama vyombo vitakatifu vya altare, na aliyevizembea alionywa.

Lakini kutunza si kuficha. Njaa ilipoikumba Campania, Benedikto aligawa karibu kila kitu. Mtu mmoja alipokuja kuomba mafuta, aliagiza apewe yale machache yaliyosalia chupani. Mtunza ghala akayazuia, akihofia ndugu watakosa. Abate akaamuru chupa itupwe dirishani. Iliangukia miambani isivunjike, na mwombaji akapewa mafuta yake. Kisha Benedikto akasali na ndugu, na pipa tupu lililokuwa pale likajaa mafuta.

Alifariki yapata mwaka 547. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alimtangaza msimamizi wa Ulaya. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na leo masista wa Chipole wanazalisha umeme kwa maji ya Mto Ruvuma huko Tulila.

Parokia yenye paa kubwa isiyokinga mvua, au seminari yenye shamba inayonunua mchicha sokoni, ina la kujifunza kwa abate huyu: kusali, kuchimba, kutunza, na kumgawia anayebisha hodi.

Mtakatifu Benedikto, utuombee.