Kabla ya Kununua Bastola ya Kwanza, Msikilize Mzee Aliyelala Nyeri

Labda wewe ni mmoja wa wale vijana wa Nyeri, Karatina ama Nanyuki walioshikwa na mchezo wa kulenga shabaha. Umeona video, umehesabu akiba yako, na sasa unataka bastola ya kwanza. Tena hutaki ya plastiki. Unataka ile ya kizamani, chuma kitupu, kama 1911 ambayo jeshi la Marekani liliitumia katika vita viwili vya dunia.

Sawa. Lakini kabla hujaenda mbali, wacha nikupeleke kanisa la St Peter's hapo Nyeri mjini. Najua ukisikia jina hilo unawaza kaburi la Baden-Powell, yule wa maskauti. Hatua chache kutoka hapo kuna kaburi lingine ambalo wengi hulipita tu. Ni la Jim Corbett. Kuhusu bunduki ya kwanza, sijui mtu mwingine ambaye maisha yake yana somo kubwa kuliko yake.

Corbett alizaliwa Nainital, India, tarehe 25 Julai 1875. Wazazi wake walikuwa na asili ya Ireland. Baba yake alikuwa msimamizi wa posta, na alifariki Jim akiwa bado mtoto mdogo. Familia ilikuwa kubwa na pesa zilikuwa chache. Kwa hivyo usifikirie mtoto wa bwanyenye aliyenunuliwa kila kitu.

Alianza na manati, kama tu sisi. Kisha akiwa na miaka kama minane hivi, binamu yake akampa gobori kuukuu la mitutu miwili. Mtutu mmoja ulikuwa umepasuka, na kitako kilikuwa kimefungwa kwa waya wa shaba. Fikiria hapo. Silaha yake ya kwanza ilikuwa nusu mbovu. Ilibidi aipakie baruti kwa mkono, risasi moja kwa mtutu mmoja, na baruti yenyewe ilikuwa ya kupimiwa. Ukikosa, umekosa. Kwa hivyo alijifunza kutopiga. Alikaa msituni akisikiliza ndege na tumbili wakitoa tahadhari, akisoma nyayo, na kidole alikiweka mbali hadi awe na uhakika.

Akiwa na miaka kumi alijiunga na vijana wa kikosi cha kujitolea cha Nainital. Siku moja walilenga shabaha mbele ya wakubwa wa jeshi, naye akawafurahisha hadi akaazimwa bunduki ya kijeshi aina ya Martini. Hiyo pia ilipiga risasi moja moja.

Shule aliiacha akiwa na miaka 17 hivi. Alitamani kuwa mhandisi lakini karo haikuwepo. Akaenda kufanya kazi ya reli huko Bihar, kwanza kusimamia kuni za kuendeshea treni, kisha kuvusha mizigo kwenye mto Ganges kule Mokameh Ghat. Kazi hiyo ya mizigo aliifanya zaidi ya miaka ishirini. Kama uliacha chuo na watu wa mtaa wanakuangalia vibaya, weka hiyo kichwani.

Sasa tufike mwaka wa 1907. Kulikuwa na simbamarara jike aliyekula watu. Alianzia Nepal, ambako aliua watu wapatao 200 kabla ya kufukuzwa hadi upande wa India, eneo la Champawat. Huko akaendelea. Hesabu iliyotolewa ni watu 436. Wanawake waliogopa kwenda kukata majani na milango ilifungwa mchana. Corbett alikubali kumsaka kwa masharti mawili: zawadi ya pesa ifutwe, na wawindaji wengine waondolewe msituni. Hakutaka kuitwa muuaji wa kulipwa, na hakutaka kupigwa risasi kimakosa na mtu mwenye papara.

Siku ya mwisho alibeba risasi tatu tu. Zote tatu ziliisha na yule mnyama bado alikuwa amesimama. Ikabidi Corbett akimbie kuchukua bunduki ya afisa mmoja wa serikali aliyekuwa karibu. Ilikuwa imechakaa kiasi kwamba mtutu haukushikana vizuri na sehemu ya nyuma. Alilenga kichwa, risasi ikaenda mguuni. Bahati yake ni kwamba zile za kwanza zilikuwa zimefanya kazi, na mnyama akaanguka.

Lakini kilichonigusa zaidi ni alichokiona alipomkagua. Chonge za upande wa kulia zilikuwa zimevunjika, ya juu nusu, na ya chini hadi kwenye mfupa. Lilikuwa jeraha la zamani la risasi. Mtu fulani, miaka ya nyuma, alifyatua bila uhakika, akamjeruhi, akaenda zake. Mnyama hakuweza tena kukamata mawindo yake ya kawaida, akageukia binadamu. Shabaha moja mbaya ilizaa makaburi 436. Soma hiyo mara mbili.

Kwa kazi hiyo, gavana wa mkoa alimzawadi bunduki ya Rigby ya London, .275. Ilikuwa nyepesi na sahihi, wala haikuwa kubwa ya kutisha. Aliipenda kwa miaka mingi. Mwaka wa 1926 alimuua chui wa Rudraprayag, aliyekuwa ameua watu zaidi ya 125 kwa miaka minane. Wa mwisho kati ya wala watu alimuua 1938, akiwa na miaka zaidi ya sitini.

Katikati ya hayo yote alibadilika. Alianza kubeba kamera zaidi ya bunduki. Aliona misitu inaisha na simbamarara wanaisha nayo, akapigania hifadhi. Mwaka wa 1936 mbuga ya kwanza ya taifa ya India ilianzishwa, na baada ya kifo chake ikapewa jina lake. Mwindaji hodari kuliko wote akaishia kuwa mlinzi.

India ilipopata uhuru 1947, yeye na dada yake Maggie, wote hawajawahi kuoa wala kuolewa, walihamia Kenya. Walikaa Nyeri, kwenye nyumba ndogo ya Paxtu ndani ya hoteli ya Outspan, ile ile iliyojengewa Baden-Powell. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alilala Treetops, juu ya mti, na Corbett alikuwa hapo kama mlinzi, mzee wa miaka 76. Usiku huo baba yake Elizabeth alifariki Sandringham, na binti akashuka mtini akiwa malkia.

Lakini tusipake rangi. Corbett alikuja hapa kama mzungu kwenye koloni, na bunduki yake haikumletea shida. Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa. Kwa babu zetu, kupatikana na bunduki ama hata risasi kulitosha kukupeleka kwenye kitanzi. Wapiganaji wa Mau Mau walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Mwaka wa 1954 Treetops ilichomwa. Corbett alifariki kwa moyo tarehe 19 Aprili 1955. Mwaka uliofuata Dedan Kimathi alikamatwa huko Tetu, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Milima ni hiyo hiyo na miaka ni hiyo hiyo. Mmoja bunduki ilimpa heshima, mwingine ikamuua. Mtoto wa Nyeri hafai kusahau hilo anapoishika.

Turudi kwako basi. Kwanza, leseni. Sheria ya Silaha, Sura 114, haina mzaha, na Bodi ya Leseni za Bunduki itakuchunguza kabla ya kukupa cheti. Usiguse ya magendo hata ukiambiwa ni bei ya kutupa.

Pili, chaguo lenyewe. Ile 1911 ya John Browning ni nzuri na kifyatulio chake ni laini, lakini risasi zake za .45 ni ghali na zinarusha mkono. Magazini yake ya asili inabeba saba. Hi-Power ya 1935, ambayo Browning aliianza na Dieudonné Saive akaimaliza baada ya kifo chake, inatumia 9mm na inabeba 13. Kwa mtu anayeanza, mimi ningekuambia 9mm. Risasi ni rahisi kupata na mkono hautajifunza kuogopa mlio. Ukipata uwanja wenye bastola za kuazima, piga zote mbili kabla ya kutoa pesa. Ikague pia: mtutu ushikane vizuri, usalama ufanye kazi. Kumbuka ile bunduki ya afisa wa Champawat.

Tatu, hata kama magazini inabeba 13, weka tatu. Lenga, vuta pumzi, piga moja, ishushe, angalia imeenda wapi. Kasi itakuja baadaye. Ukianza kwa kumwaga risasi utazoea kumwaga, na kuacha tabia hiyo ni kazi ngumu.

Na Jumamosi moja, ukiwa Nyeri, pitia pale St Peter's. Ukimaliza kupiga picha kwa Baden-Powell, songa hatua chache kwa mzee wa gobori lililopasuka. Maggie, aliyefariki 1963, amelala hapo hapo pia.